Ahadi Haijazi Tangi: Tulivyochangisha Kupeleka Vijana wa Ngoma Bagamoyo

Safari ya kupeleka vijana 22 wa ngoma kutoka Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza, hadi kwenye tamasha la Bagamoyo ilitugharimu shilingi 9,140,000. Bajeti tuliyoiandika kwenye daftari la shule, tukaipigia makofi na kuipitisha bila swali hata moja, ilisema 6,800,000. Naandika kuhusu tofauti ya namba hizi mbili na jinsi ilivyonikuta nikiwa katibu wa kamati, mwalimu wa shule ya msingi ambaye kabla ya hapo sikuwahi kuchangisha zaidi ya fedha za kununulia jezi.

Kikundi chetu hucheza Bugobogobo, ngoma ya majembe iliyotokana na kilimo cha pamoja, ambayo wachezaji wake huingia kwa mstari majembe yakiwa begani, kisha huyarusha na kuyadaka kwa mapigo ya ngoma huku njuga zikilia miguuni. Usukumani ngoma haikuwahi kuwa jambo la pembeni. Vyama viwili vya kale, Bagalu na Bagika, vimekuwa vikishindana baada ya mavuno ili ionekane nani atavuta watu wengi zaidi, na hapa kwetu ushindani huo bado huonekana kila Juni katika sherehe za Bulabo, kwenye viwanja vya makumbusho ya Bujora. Vijana wetu, wenye umri wa miaka 12 hadi 19, wamekulia humo. Walichokuwa hawajawahi kufanya ni kucheza mbele ya watu wasiojua Kisukuma, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuvuka Shinyanga.

Tamasha lenyewe huandaliwa na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, ambayo ilianza kama chuo cha sanaa mwaka 1981. Tuliomba nafasi mwezi Machi kwa barua na video fupi, na tulipokubaliwa mwezi Juni kijiji kizima kilijua kabla ya jua kuzama. Kosa la kwanza lilifanyika usiku uleule. Kila mmoja wetu alidhani, bila kumwuliza mtu yeyote, kwamba nauli ingelipwa na fulani: mimi nilidhani halmashauri, mwenyekiti alidhani waandaaji, na mzee wetu wa ngoma alidhani mbunge. Zilipita wiki tatu za mazoezi na furaha kabla ya mhazini kuuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba anauliza jambo la aibu, "Kwani nani analipa?" Hakukuwa na wa kulipa. Ningeshauri mtu yeyote aliyepata mwaliko wa namna hii aulize swali hilo siku ileile, na apate jibu la maandishi linalotaja nauli, malazi na chakula, kila kimoja peke yake.

Bajeti tuliianzia kwenye nauli ya basi tu. Tulichukua nauli ya mtu mmoja, tukazidisha, tukaongeza kidogo kwa ajili ya chakula, na tukaona mambo yamekwisha. Hatukukumbuka kwamba ngoma kubwa tano, majembe na mavazi haviwezi kupanda basi la abiria bila kulipiwa mzigo, wala kwamba mazoezi ya miezi mitatu yanahitaji uji. Uji huo ulitugharimu 650,000. Kijana aliyetoka shule saa tisa na nusu akiwa na njaa hawezi kurusha jembe kwa saa mbili, na kama mnataka waje kila siku ni lazima sufuria iwe jikoni kila siku. Mavazi, shanga na njuga mpya vilifika 1,150,000, kwa sababu mavazi yetu ya zamani yalishonwa kwa ajili ya watoto ambao sasa wana watoto. Ngozi za ngoma mbili zilikuwa zimechanika, na kuziwamba upya kulichukua 240,000. Barua, picha, nakala na nauli za kufuatilia saini zilifika 185,000, fedha ambazo katika daftari letu la kwanza hazikuwa na hata mstari.

Kuhusu saini nitasema kwa ufupi. Kikundi kiwe kimesajiliwa Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, na kiwe na katiba yake. Afisa utamaduni wa halmashauri aandike barua ya utambulisho, wakuu wa shule watoe ruhusa kwa maandishi, na kila mzazi atie saini fomu yenye namba mbili za simu na maelezo ya afya ya mtoto. Anzeni miezi mitatu kabla, kwa kuwa kila ofisi itawatuma kwanza kwenye ofisi nyingine.

Fedha za mwanzo zilipokelewa kwenye simu ya mhazini wetu, mama muuza mahindi ambaye uaminifu wake sijawahi kuutilia shaka. Lakini simu hiyohiyo ndiyo aliyolipiwa mahindi, na baada ya mwezi mmoja hakuna aliyeweza kusema kwa hakika shilingi ipi ilikuwa ya ngoma na ipi ya gunia. Yeye mwenyewe aliketi na mimi jioni mbili, akipitisha jumbe za miamala moja baada ya nyingine kwa kidole gumba, akilia kimyakimya, kwa sababu tayari kisimani kulikuwa na maneno. Hesabu ilikuja sawa isipokuwa shilingi 14,000, ambazo alizilipa kutoka mfukoni mwake ingawa nilimsihi aache. Tulifungua akaunti ya benki yenye watia saini watatu, tukaweka na laini ya simu mpya isiyotumika kwa kazi nyingine yoyote, na kila Jumapili mchana tukabandika karatasi ya mapato na matumizi kwenye mlango wa ofisi ya kijiji. Maneno ya kisimani yalikoma ndani ya wiki mbili. Ningekuwa na uwezo wa kurudisha siku nyuma, ningeanza na karatasi ile kabla ya kupokea shilingi ya kwanza, si kwa sababu ya wezi bali kwa ajili ya kumlinda mtu mwaminifu.

Sasa nije kwenye kadi. Tulifanya kama kamati za harusi zinavyofanya: tulichapisha kadi za mchango 210, tukazigawa kwa watumishi, wafanyabiashara, wazaliwa wa Kisesa walioko Mwanza mjini na Dar es Salaam, na tukaunda kundi la WhatsApp ambalo asubuhi ilianza kwa sala na jioni ikaisha kwa ahadi. Ahadi zilifika 7,900,000. Nakumbuka usiku ambao jumla ile ilivuka bajeti, mwenyekiti alinipigia simu akicheka, tukaambiana kwamba Mungu ni mwema na kazi imekwisha. Hadi siku ya kuondoka, kati ya ahadi zile, fedha zilizokuwa zimeingia ni 3,150,000.

Sisemi kwamba watu walitudanganya. Mtu anayeahidi laki moja mbele ya wenzake kwa kawaida anaitamani kweli laki ile itoke mkononi mwake, lakini mwezi huohuo ana kadi nne za harusi, ada ya mtoto na msiba wa shemeji. Kosa lilikuwa letu, kwa kuwa tulijumlisha matamanio na kuyaita mapato. Nilipokaa baadaye na daftari niligundua jambo ambalo lingetusaidia tangu mwanzo: walioahidi chini ya shilingi 20,000 walilipa karibu wote, tena wengi wao ndani ya wiki moja, na walioahidi zaidi ya 200,000 walilipa wachache sana. Tungetumia jioni zetu kuwafuata watu mia tatu wa elfu kumi badala ya kumsubiri mkubwa mmoja kwenye benchi la ofisi yake, tungekuwa na fedha zaidi na visigino visivyochakaa.

Vilevile tuliomba kwa wakati usiofaa. Mimi ni mtumishi, mshahara wangu unaingia kila mwisho wa mwezi, na kwa ujinga wangu nilidhani fedha ya kila mtu ina kalenda hiyo. Wavuvi wa dagaa wa Igombe na Kayenze huvua kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika, na mvuvi anaishi kwa deni la dukani. Sisi tulikwenda mwaloni na kadi zetu mwezi ukiwa unawaka kama taa ya uwanja wa mpira. Mzee mmoja alitupokea vizuri, akatukalisha, akatupa samaki wa kuchoma, kisha akasema, "Mwalimu, umekuja kukamua ng'ombe ambaye ndama ametoka kunyonya sasa hivi. Rudi giza likiingia." Tulirudi siku kumi na mbili baadaye, tukaondoka na 410,000 taslimu katika asubuhi moja. Kwa wakulima wa pamba na mpunga mambo ni hivyohivyo: kati ya Juni na Agosti mtu ana kitu mkononi, ilhali ifikapo Oktoba anatazama mbingu na kuhesabu debe za mbegu. Jibu la mwaliko tulilipata Juni, wakati mzuri kabisa, nasi tukatumia Juni na Julai kushona sare za kamati. Naam, sare za kamati. Bado ninayo ya kwangu, na kila nikiivaa naona aibu.

Waliokuwa hawana fedha walikuwa na mchele, mahindi na mbuzi, lakini kadi zetu hazikuwa na nafasi ya kuandika debe moja la mpunga. Bibi mmoja alituonyesha njia alipofika mazoezini na jogoo kwapani, akauliza tunapokelea wapi. Kuanzia hapo tukafungua stoo ya mchango wa vitu, na baada ya kuuza tulivyohitaji kuuza tulipata 640,000, mbali na mchele magunia mawili tuliosafiri nao, uliotupunguzia chakula cha njiani.

Hata hivyo, kilichotuokoa zaidi ya vyote ni majembe yenyewe. Mwezi Agosti, katika maonyesho ya Nanenane pale Nyamhongolo, vijana walicheza mara nne bila kuitwa rasmi, kando ya banda la mbegu, na watu waliowahi kutuambia hawana kitu walituza noti za elfu tano na elfu kumi, wakizibandika kwenye vipaji vya nyuso vilivyolowa jasho. Baada ya hapo tukaanza kualikwa kwenye harusi, kipaimara na uzinduzi wa maduka, na kwa kila mwaliko tuliandikiana bei mapema na kupokea nusu kabla ya kutoka nyumbani. Hadi Oktoba ngoma ilikuwa imeingiza 2,480,000. Watoto wale hawakuwa ombaomba hata siku moja. Ni sisi watu wazima tuliowafanya waonekane hivyo kwa kutembeza kadi zenye picha zao wakati wao walikuwa na kazi ya kuonyesha. Vikundi vitakavyofuata vianze na ngoma uwanjani, kadi zifuate nyuma, na mtoto asipoteze kipindi cha darasani hata kimoja kwa sababu ya kutafuta nauli.

Kila mzazi tulimwomba 40,000. Kumi na saba walilipa, yaani 680,000, na watano hawakuweza. Mjumbe mmoja alipendekeza hao watano waachwe, na kwa nusu saa kikao kilikuwa kibaya kuliko vyote nilivyowahi kukaa. Manju wetu, kijana anayeongoza nyimbo na ambaye bila yeye hakuna ngoma, alikuwa miongoni mwao. Tuliamua kwamba hakuna atakayeachwa kwa sababu ya fedha, na kwamba majina ya wasiolipa yasisomwe hadharani. Uamuzi wa pili ulikuwa muhimu kuliko wa kwanza.

Kuna wawili walioachwa kwa sababu nyingine, na lawama hiyo ni yangu kama mwalimu. Upimaji wa kitaifa wa darasa la nne na wa kidato cha pili huangukia mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba. Nilikuwa na kalenda ya mitihani ukutani mwa ofisi yangu, naitazama kila siku, na bado niliwaacha wasichana wawili wa kidato cha pili wafanye mazoezi miezi miwili kabla ya kubaini kwamba wangekosa maandalizi ya mwisho. Niliwaambia mwenyewe, nyumbani kwao, mbele ya mama zao. Mmoja hakunisalimia hadi Januari, na nilistahili.

Nitaje pia suala la dawa, maana litawakuta wengi ingawa halizungumzwi. Katika mashindano yetu ya jadi inaaminika kuwa ngoma huhitaji dawa ya kuvuta watu, na mzee wetu alitaka iwekwe kwenye bajeti. Wazazi walokole walitishia kuwatoa watoto wao. Tulikubaliana kwamba fedha ya mchango haitagusa jambo hilo, na mzee akasema atajua mwenyewe. Sikumwuliza alichokijua.

Wiki mbili kabla ya safari tulipata Coaster ya kukodi. Bei tuliyopewa kwa mdomo ilikuwa 3,200,000 kwenda na kurudi. Tuliposisitiza iandikwe, ndipo tukaambiwa kwamba hiyo haijumuishi siku ambazo gari litatusubiri, wala dereva wa pili, ambaye safari ndefu kama ile haiwezi kukosa, wala kibali cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, cha gari kutoka nje ya njia yake. Bei ikawa 3,800,000. Tulilipa 2,900,000, na 900,000 tukaahidi kulipa tukiwa Bagamoyo. Bajeti mpya ikasimama kwenye 8,600,000, nasi tulikuwa tumekusanya 6,950,000. Pengo la 1,650,000 lilizibwa na ahadi za watu watatu wenye uwezo, ambao kila mmoja kwa wakati wake alitamka maneno yaleyale: "Nendeni tu, nitatuma mkiwa njiani." Mhazini alisema tusiondoke. Alikuwa peke yake, na tulimpuuza kwa sababu vijana walikuwa wameshafunga mabegi.

Tuliondoka Jumatatu saa kumi alfajiri kwa barabara ya Kisesa hadi Usagara, ngoma zikiwa kwenye keria zimefunikwa turubai, na majembe 24 chini ya viti. Kabla ya Nzega tulisimamishwa. Askari aliingia, akainama, akatoa jembe moja, kisha jingine, akatutazama. "Mnakwenda kulima wapi na watoto?" Manju akajibu kwa adabu, "Tunakwenda kuyacheza, afande." Ilibidi vijana wanne washuke na kumchezea kando ya barabara ndipo aamini, na barua ya afisa utamaduni, ambayo ingemaliza jambo hilo kwa dakika moja, ilikuwa ndani ya begi lililofungwa kwenye keria. Nyaraka zikae mkononi mwa mtu, si kwenye mzigo.

Kosa lililonikosesha usingizi kuliko la fedha ni la maji. Ili kupunguza kusimama njiani, niliwaambia watoto wasinywe maji mengi. Nilisema kama mtu mwenye busara, nao wakatii. Usiku, tukiwa tumelala katika ukumbi wa parokia moja Singida tulioazimwa bure, binti wa miaka 14 alianza kulia kwa maumivu ya miguu na mgongo. Fomu yake ilisema hana ugonjwa. Nilipompigia mama yake saa saba usiku, alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema binti ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, naye hakuandika kwa kuogopa kwamba tungemwacha. Mtu mwenye selimundu anatakiwa anywe maji kwa wingi, na kukauka mwilini ni mojawapo ya mambo yanayoamsha maumivu hayo. Tulimfikisha hospitali, akawekewa maji na dawa, na mimi nikabaki naye wakati gari likiendelea. Alipopata nafuu siku iliyofuata tulipanda basi tukawafuata. Hakucheza, ila aliimba akiwa ameketi. Siwezi kumlaumu mama yule peke yake. Fomu yetu iliuliza, "Je, mtoto ana ugonjwa wowote?" na mzazi yeyote maskini angelisoma swali hilo kama mtego. Sasa fomu yetu huanza kwa kusema kwamba hakuna mtoto atakayeachwa kwa sababu ya kilichoandikwa humo, na muuguzi mstaafu wa kijijini hukaa na kila mzazi faraghani. Gari nalo husimama kila baada ya saa mbili, na watoto hunywa maji hata wasipotaka.

Jambo moja tulilifanya vizuri bila kujua. Dereva wa pili, mzoefu wa njia ile, alikata kushoto Chalinze akapitia Msata hadi Bagamoyo kwa lami, bila kuingia Dar es Salaam, na hivyo wakaepuka saa kadhaa za foleni. Tungekubali kushushwa stendi ya Mbezi kama tulivyopanga mwanzo, tungelazimika kukodi gari jingine.

Kuhusu Bagamoyo nina mengi ya kusema, lakini nitabaki kwenye yale yanayomhusu anayepanga safari. Watoto wa ziwa wanajua kuogelea, na ndiyo hatari yenyewe, kwa sababu ziwa halikupwi wala halijai. Siku ya kwanza waliacha viatu na mashati kwenye mchanga mkavu, na waliporudi bahari ilikuwa imeshachukua jozi tatu. Baada ya hapo ufukweni walikwenda kwa zamu, wakiwa na mlezi na mwenyeji. Hewa ya pwani nayo ina unyevu ambao ngozi zetu hazikuuzoea. Ngoma iliyolia Kisesa kama radi, pale ililia kama debe lenye unga. Mzee alikuwa na subira. Alikusanya makuti makavu, akawasha moto mdogo, akazizungusha ngoma moja baada ya nyingine huku akizigonga kwa kidole na kusikiliza, na kazi hiyo aliifanya kila asubuhi kwa saa nzima. Anayetoka bara na ngoma za ngozi aiweke saa hiyo kwenye ratiba.

Tulipewa dakika 15 jukwaani. Bugobogobo yetu huchukua dakika 35 na haijawahi kukatwa tangu babu zetu, kwa hiyo usiku wa kuamkia onyesho tulikuwa tukibishana ni sehemu ipi iondoke, jambo ambalo lingepaswa kumalizwa Agosti. Tena jukwaa halina udongo. Mwishoni mwa ngoma yetu jembe hukita ardhini, na vijana walikuwa wameshazoea mshindo ule. Manju ndiye aliyetoa wazo kwamba badala ya kukita, wote wayainue juu na kunyamaza ghafla. Walicheza vizuri kuliko nilivyowahi kuwaona, na ukimya ule wa mwisho uliwafanya watu wasimame. Mji huu ndiko misafara ya pembe za ndovu ilikoishia, mizigo ikiwa mabegani mwa wapagazi Wanyamwezi na Wasukuma waliotembea kwa miezi, na mzee wetu, aliyekuwa kimya tangu tufike, alisema tu kwamba safari hii Wasukuma wamekuja na mizigo yao wenyewe.

Asubuhi ya Jumamosi dereva alinifuata chini ya mnazi, akaniambia kwa upole ulionitia hofu kuliko ukali: "Mwalimu, tajiri anauliza ile hela iliyobaki. Amesema bila hiyo tusiwashe gari." Mkobani nilikuwa na 212,000 za chakula cha siku hiyo. Kati ya wale watatu, mmoja alikuwa ametuma 200,000, mwingine hapokei simu, na wa tatu alipokea akasema yuko kwenye kikao. Hospitali, basi letu na viatu vilikuwa vimekula akiba yote. Nilikwenda nyuma ya vyoo nikalia, nikanawa uso, nikarudi nikawaambia vijana waoshe majembe.

Tulichofanya ni hiki. Mzee aliomba simu, akaongea na mwenye gari kwa Kisukuma kwa dakika arobaini, wakagundua kwamba baba zao walicheza ngoma pamoja, na mwenye gari akakubali kusubiri 900,000 hadi Desemba. Mimi nilikopa 700,000 kwenye kikoba changu, kwa riba, bila kumwambia mume wangu hadi niliporudi, na hilo nalo lilikuwa na gharama yake nyumbani. Mhazini, yule tuliyempuuza, alikwenda kwenye mkutano wa kijiji jioni ileile, akasoma hesabu yote bila kuficha kitu, akaomba. Watu walituma elfu mbili, elfu tano, elfu kumi, na kufikia saa nne usiku zilikuwa 390,000. Karatasi zile za Jumapili kwenye mlango wa ofisi ya kijiji ndizo zilizofanya watu waamini sauti yake.

Tulifika Kisesa Jumatatu usiku, watoto wote wakiwa wazima. Wiki iliyofuata tulisoma hesabu mbele ya wananchi, mstari kwa mstari, pamoja na sare za kamati, na kuna waliotucheka na waliotukaripia. Deni tulilimaliza mwezi Machi kwa kucheza kwenye harusi, wazee kwa vijana, hata mimi nilishika jembe mara mbili. Sasa kamati ina kanuni mbili zilizoandikwa kwenye katiba: fedha ya kurudi hukaa benki kabla ya mtu yeyote kufunga begi, na ahadi huandikwa kwenye daftari lake lenyewe, ambalo mhazini haruhusiwi kulijumlisha.

Mmoja wa wale watatu tunasalimiana vizuri. Alikuja mwenyewe kueleza kwamba wakati ule biashara yake ilikuwa imekwama, akaona aibu kusema. Kadi yake ya 500,000 bado ninayo kwenye faili. Mwaka huu, tunapojiandaa kwa safari nyingine, mhazini alimwomba magunia mawili ya mchele badala ya fedha, tena mwezi Julai, na yaliletwa kwa guta siku ya tatu.